Nyumba ya muzungu kilimani Kabare: ilikuwa ya nani?

Swali. Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu, anaandika: «Babu yangu alikuwa kapita, msimamizi wa wafanyakazi, kwenye shamba la kahawa upande wa Kabare, juu ya barabara ya kwenda Katana. Nyumba kubwa ya muzungu ingali pale: matofali ya kuchoma, barza ndefu, shemine (meko ya ukutani) mbili, bati limetobokatoboka. Babu alifia nyuma ya nyumba hiyo, katika kijumba cha wafanyakazi. Wengine wanasema nyumba ni ya Mbelgiji aliyekimbia, wengine ni ya mkubwa mmoja wa wakati wa Mobutu, wengine ni ya mwami, mtawala wetu wa jadi. Sasa kuna bwana anatuuzia hekta 2 kando yake, na anatuonyesha sertifika, hati ya ardhi. Nyumba hii ilikuwa ya nani hasa? Na sisi wajukuu wa kapita tuna haki gani pale?»

Jibu. Jambo Mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana nyumba za namna hiyo nimezizunguka nyingi na kamba yangu ya kupimia, nilipokuwa bado jeometa. Hao watu wa makundi matatu wanaobishana huko kilimani, pengine wote wanasema kweli, kila mmoja kwa miaka yake. Ila wote wanaanza hadithi katikati. Wanaanza siku matofali yalipopangwa. Wewe anza na migomba.

Kabla ya kahawa, kilima kile kilikuwa na watu. Katika Bushi, nchi ya Bashi, kwa Kabare na kwa Ngweshe, ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya mwami, lakini usidhani kwamba watu walilima kwa kubahatisha. Aliyetaka mahali pa kujenga, kuzaa na kurithisha alitoa kalinzi: ng'ombe, mara nyingi, akimpa mwami au mkubwa wa kilima mbele ya mashahidi. Kalinzi ikishapokelewa, mahali pale pakawa pa ukoo, baba kwa mwana, mradi heshima kwa mkubwa isikatike. Aliyehitaji shamba la msimu mmoja tu, apande maharagwe au mtama avune aondoke, yeye aliomba bwasa. Na mwenye bwasa alikatazwa kupanda mgomba au mti. Unaona kwa nini? Mgomba haung'oki kwa msimu mmoja. Ukipanda mgomba umetangaza kwamba umefika na huondoki.

Kwa hiyo swali la kwanza huko kijijini usiulize «muzungu aliitwa nani». Tafuta mabibi wawili watatu wenye umri, kila mmoja kwake, wasisikilizane, uwaulize: kabla ya kahawa, migomba ya pale ilikuwa ya nani? Jina likirudi lile lile mara mbili, hapo umemshika mwenye kilima wa kwanza anayeweza kukumbukwa. Hakuna karatasi ya Brussels itakayokupa jina hilo.

Sasa, kilima chenye migomba kiligeukaje kuwa shamba la mgeni? Mzizi wake ni wa tarehe 1 Julai 1885, wakati nchi ilipokuwa mali ya mfalme Léopold II. Amri ya siku hiyo ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya Serikali. Maneno machache, lakini angalia nani anaamua kwamba ardhi haina mwenyewe. Mtu aliyetoka Ulaya alipoona malisho ya ng'ombe, au shamba lililopumzishwa miaka miwili mitatu ili udongo urudishe nguvu, aliona pori. Mushi, mwenyeji wa Bushi, aliona mali ya fulani.

Mwaka 1928 likaundwa Comité National du Kivu, CNKi kama walivyoiandika, kwa kuiga Comité Spécial du Katanga iliyokuwapo tangu 1900. Ndani yake walikuwamo Koloni lenyewe na kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, ile ya baroni Empain, iliyokuwa imepewa haki juu ya ardhi nyingi sana upande huu wa mashariki. Kazi ya CNKi ilikuwa kugawa ardhi kwa walowezi: Wabelgiji wengi, na wengine wa mataifa mengine ya Ulaya, waliovutiwa na baridi ya milima hii na ziwa lake. Bukavu wakati huo waliiita Costermansville. Mlowezi alifika mjini, akaomba, akaonyeshwa kwenye ramani, akapanda mlimani.

Sheria iliweka utaratibu, usidhani ilikuwa kunyang'anya tu mchana kweupe. Dekreti ya 31 Mei 1934 ilitaka uchunguzi kabla ya kutoa ardhi: mkubwa wa kilima asikilizwe, wakaaji wasikilizwe, haki zao zihesabiwe na fidia itolewe kwa wanaoziachia. Kwenye karatasi, utaratibu mzuri. Mimi swali langu limekuwa daima moja: fidia ilishikwa na mkono gani? Mkoloni alipenda kuzungumza na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mwami au mkubwa aliyemtambua yeye mwenyewe. Mwenye kalinzi, aliyetoa ng'ombe wake mbele ya mashahidi, hakuwa na muhuri. Ugomvi mwingi ninaoujua juu ya mashamba ya zamani ya Kabare, Walungu na Kalehe unaanzia hapo hapo: Serikali inasema iliachiwa, mwami anasema aliazima, ukoo unasema haukuulizwa. Ndiyo maana hao wanaokuambia «nyumba ni ya mwami» wana cha kusema, ingawa mwami hakuwahi kushika mwiko wa kujengea.

Jina la mlowezi wa kwanza linaweza kupatikana, na hapa watu wengi hupotea njia. Kijijini wanamjua kwa jina la kupachikwa: Bwana Fimbo, Bwana Tumbo, na kadhalika, kwa lugha yenu. Ukienda na jina hilo ofisini utarudi mikono mitupu. Anza na buku ya babu. Kila mwanaume mwenye kazi wakati ule alikuwa na buku yake, na ndani yake mwajiri aliandika siku ya kumwingiza kazini na siku ya kumtoa, akatia saini au muhuri. Wajukuu wengi wanazo nyumbani bila kujua, zimefungwa kwenye kitambaa pamoja na kadi ya ubatizo. Muhuri ule ndio daraja kati ya Bwana Fimbo na jina la kwenye karatasi. Ukishapata jina la mtu au la kampuni, lipo gazeti rasmi la koloni, Bulletin Officiel, ambamo mikataba ya kutoa ardhi ilichapishwa: nani amepewa, hekta ngapi, mahali gani. Na Mapadri Weupe walikuwa na desturi ya kuandika kitabu cha kila siku katika kila misheni yao. Padri aliyekwenda kula chakula cha mchana kwa mlowezi Jumapili aliandika. Nakala za vitabu hivyo zilipelekwa kwenye makao yao makuu, leo yako Roma.

Nyumba nayo inasema, ukiisikiliza. Kama kuna mwaka umechongwa juu ya mlango, usiuchukue kuwa mwaka wa shamba. Mlowezi wa kawaida aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1920 au mwanzoni mwa 1930 hakujenga kwa matofali. Alilala kwenye nyumba ya miti na udongo, paa la majani, kama jirani zake. Mkahawa wa arabika huchukua miaka mitatu minne kabla ya kumpa mtu kitu cha maana, na bei ya kahawa ilianguka duniani miaka hiyo hiyo ya shida ya 1930. Nyumba ya matofali yenye barza na shemine mbili ni tunda la mavuno kadhaa mazuri. Inawezekana kabisa aliyeijenga ni mwenye shamba wa pili, aliyenunua kwa wa kwanza aliyefilisika.

Zunguka nyuma. Miti inaeleza zaidi ya kuta. Kama kuna miti ya kinkina, ile ya dawa ya kwinini, utaitambua kwa majani yake makubwa yanayogeuka mekundu yakizeeka, shamba lile liliguswa na vita vya pili vya dunia. Mwaka 1942 Wajapani waliteka Java, na Java ndiyo ilikuwa ikitoa sehemu kubwa kabisa ya kwinini ya dunia. Ghafla askari wa nchi za Magharibi waliopigana kwenye joto na mbu wakakosa dawa, na maganda ya miti ya Kivu yakawa na thamani. Walowezi wengi wa huku walipata nafuu hapo, na kinkina haikufa na vita: kampuni ya dawa Pharmakina ya Bukavu imeishi kwa maganda hayo. Kama huoni kinkina bali sakafu pana ya saruji na birika la kuoshea, hapo ni kahawa. Grevilea zilizotawanyika shambani pia ni za kahawa, ziliwekwa kwa kivuli. Mikaratusi iliyopangwa mistari miwili inayopanda hadi barzani, hiyo ni majivuno tu ya mwenye nyumba.

Halafu ukitazame kile kijumba alichofia babu yako. Boyeri, tuliziita. Angalia iko hatua ngapi kutoka jiko, na dirisha lake linatazama wapi. Nimeona nyingi ambazo dirisha halitazami nyumba kubwa kamwe: limepewa mgongo, ili bibi wa muzungu asione moshi wa wenzake. Nasema hili kwa sababu ukihesabu miaka, Mama, katika nyumba hizi aliyekaa muda mrefu kuliko wote kwa kawaida ni mpishi au kapita. Wenyewe wa karatasi walibadilika mara tano sita. Familia ya boyeri ilibaki.

Kuna nyumba chache ambazo historia yake inajulikana bila taabu, kwa sababu mwenyewe alibaki na watu walimwandika. Ng'ambo ya Goma, upande wa Gisenyi, ipo Mugongo. Rosamond Carr, mama wa Marekani, alifika Kivu na mumewe mwaka 1949, akanunua shamba la Mugongo mwaka 1955, akalima pareto na maua. Mwaka 1994 aliondoshwa na vita, akarudi mwaka huo huo, na mwezi wa Desemba banda la kukaushia pareto likawa nyumba ya mayatima, Imbabazi. Alifariki mwaka 2006, ana miaka 94. Mwenye nyumba mmoja zaidi ya nusu karne, mlango mmoja. Usitegemee bahati hiyo Kabare.

Kwa maana huku, baada ya tarehe 30 Juni 1960, mambo yalienda mbio. Mwisho wa mwaka huo huo askari waliotoka Stanleyville (Kisangani ya leo) walimkamata Jean Miruho, mkubwa wa serikali ya Kivu, hapa hapa Bukavu. Mwaka 1964 vita vya waasi wa Mulele vilifika mjini. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme, ambaye naye alikuwa mlowezi mwenye shamba kubwa upande wa Kisangani, waliushika mji tangu Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Kila mara lori za walowezi zilivuka mto Ruzizi kwenda Cyangugu, Rwanda. Wengine walirudi, wengine hawakurudi tena. Funguo waliachiwa makapita. Sitashangaa kama babu yako alilinda nyumba ile peke yake miezi mingi, na kama wenzake kijijini tayari walikuwa wakisema nyumba ni yake.

Sheria haikusema hivyo. Tarehe 7 Juni 1966 ilitoka sheria inayoitwa kwa jina la mbunge Bakajika: ardhi zote zilizotolewa na mkoloni kabla ya uhuru zinarudi kwa Serikali. Wakulima wengi walisikia kwamba zinarudi kwao. Nadhani kutoelewana huku ndiko kulikofanya madhara kuliko sheria yenyewe, kwa sababu watu walianza kulima na kujenga kwa moyo mweupe mahali ambapo Serikali ilikuwa imejiwekea akiba.

Kisha ikaja sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, na hii uishike vizuri kwa sababu sertifika unayoonyeshwa lazima isimame juu yake. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Serikali peke yake, hauuziki wala haupotei kwa kupitwa na wakati. Anachopata mtu ni konsesio, haki ya kutumia. Nyumba iliyosimama juu inaweza kuwa mali ya mtu, udongo ulio chini hapana. Yaani tangu mwaka ule, swali lako la «nyumba ni ya nani» limekuwa maswali mawili, na watu wanayajibu kama moja. Nimeona bwana mwenye karatasi halali za nyumba akiuza udongo, na mwingine mwenye konsesio ya udongo akibomoa nyumba ya mwenzake kwa kujiamini.

Haijapita miezi mitano, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianizasio. Mashamba na maduka ya wageni yakagawiwa raia. Aliyepewa aliitwa akerere. Hapo ndipo anapoingia «mkubwa wa wakati wa Mobutu» wa kijiji chenu. Walikuwamo maakerere waliojua kahawa, nisiwaseme vibaya wote, lakini wengi walikuwa wanasiasa, maofisa na wafanyabiashara wa mjini waliolijua shamba kwa mbali. Waliuza kwanza kinachouzika haraka: ng'ombe, lori, mashine ya kumenyea kahawa, hata bati. Kama nyumba yenu ina bati la rangi mbili, nusu la zamani nene na nusu jipya jembamba, nadhani unajua lile la kwanza lilienda wapi. Mambo yalipoharibika, mwaka 1976 Serikali ikakubali kuwarudishia wenye zamani mali zao, kwa sharti la kuwa na mshirika raia. Wachache walirudi kweli. Wengi waliuza haki yao wakiwa Ulaya, kwa kampuni, kwa mfanyabiashara wa Bukavu, kwa akerere yule yule. Huyu wa baada ya 1976 ndiye mwenye nyumba ninayemtafuta kwanza nikipewa kazi kama yako, kwa sababu karatasi za sasa karibu zote zinatoka kwake.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Soko la kahawa lilianguka mwaka 1989, baada ya mapatano ya dunia ya kugawana mauzo kuvunjika, na mashamba mengi yakageuzwa malisho au yakaachwa. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa: Kashusha na Inera, karibu na Kavumu, zilikuwa kambi kubwa, na miti ya maeneo yote yale iliishia motoni. Oktoba 1996 vita vikafika Bukavu. Milango, fremu za madirisha na sakafu za mbao za nyumba nyingi za mashamba ziliondoka miaka hiyo. Nyumba yenu kubaki na kuta na barza ni ajabu kidogo.

Sasa tuje kwa huyo bwana na sertifika yake. Usimtukane, usimwamini. Mwombe nakala, nawe uisome polepole ukiwa umekaa.

Tazama kwanza mihuri na tarehe, kabla ya kitu kingine chochote. Nchi iliitwa Zaire tangu 27 Oktoba 1971 hadi 17 Mei 1997: karatasi ya mwaka 1969 yenye muhuri wa Zaire imepikwa. Kivu ilikuwa mkoa mmoja tangu 1966 mpaka mwaka 1988, ilipogawanywa kuwa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Kwa hiyo sertifika ya mwaka 1979 yenye kichwa cha mkoa wa Kivu Kusini iliandikwa na mtu mwenye haraka. Nimekutana na namna hiyo, muhuri mzuri kabisa, wino mzuri, ila mkoa ulikuwa haujazaliwa. Angalia na majina. Tangu mwaka 1972 raia waliacha majina ya Kikristo katika karatasi za Serikali. Mtu yule yule aliyeitwa Joseph mwaka 1968 atakuwa na jina jingine kabisa mwaka 1975, na ukoo unaweza kudhani ni watu wawili. Kinyume chake, raia anayejiita Jean-Baptiste kwenye sertifika ya mwaka 1976 anahitaji kuelezwa.

Halafu soma aina ya konsesio. Katika sheria ya 1973 konsesio ya milele ni ya raia wa Kongo, mtu wa damu na nyama. Kampuni haipati, mgeni hapati. Wao hupata konsesio ya kawaida, mara nyingi amfiteozi, yaani kukodi ardhi kwa muda mrefu, ambayo kipindi chake hakizidi miaka 25, inaweza kurudishwa upya. Hesabu mwenyewe: amfiteozi ya mwaka 1978 isiyorudishwa upya ilikwisha mwaka 2003. Huyo bwana anaweza kuwa na karatasi ya kweli, ya mtu wa kweli, iliyokufa zamani. Na kama karatasi inasema kampuni ina konsesio ya milele, mrudishie kwa mikono miwili, umshukuru kwa kahawa aliyokupa.

Tazama na ukubwa. Sheria ile iligawa saini kwa hekta za mashambani: hadi 200 gavana, zaidi ya hapo hadi 1000 waziri wa ardhi, hadi 2000 rais, na kupita 2000 inatakiwa sheria ya bunge. Shamba la hekta 350 lenye saini ya gavana peke yake lina kasoro. Niliwahi kuona moja lililokatwa vipande viwili kwenye karatasi, vyote chini ya 200, ili lisipande Kinshasa. Mpaka kati ya vipande hivyo ulipita katikati ya sebule.

Karatasi ikipita hayo yote, nenda kwa konservateri, mtunza vitabu vya ardhi vya Serikali. Sertifika ina namba ya kitabu na ya ukurasa, na kitabu kile kina mwenzake wa ile karatasi. Omba uonyeshwe ukurasa ule, na sertifika zilizoitangulia, moja baada ya nyingine, kurudi nyuma mpaka jina la mlowezi. Mnyororo huo ndio historia ya wenye nyumba unayoitafuta. Pete ikikosekana, uliza ilikosekanaje. Ardhi za huku zimeandikiwa karatasi na tawala zaidi ya moja, na hati iliyosainiwa wakati wa vita inataka macho mawili zaidi: kati ya 1998 na 2003 mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD, na Februari 2025 uliangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya 1973 sertifika ikipita miaka miwili bila kushtakiwa ni vigumu mno kuibomoa. Ndiyo maana wajanja hukaa kimya miaka miwili kabla ya kuja kuwaonyesha.

Hekta 2 zenyewe, yule bwana hawezi kukukatia kwa kidole akisema «kutoka mkaratusi ule hadi kijito». Kipande kinapimwa na kadastre, ofisi ya upimaji wa ardhi, borne, yaani mawe ya mpaka, zinawekwa, na wewe unapata sertifika yako mwenyewe. Bila hiyo umenunua maneno. Nenda na mtu wa kadastre mtafute borne za zamani kwanza. Siku moja huko Walungu tulihangaika nusu siku kutafuta borne ya kona. Ilikuwa jikoni kwa mama mmoja, anatwangia pilipili juu yake, namba inaonekana vizuri kabisa. Alituuliza kama tutamlipia jiwe lake.

Mwisho, haki yenu wajukuu wa kapita. Hata kama alikaa pale miaka 40, babu hakupata ardhi: udongo wa Serikali haupatikani kwa kukaa, nimekutajia kifungu. Hata boyeri aliyolala ilikuwa sehemu ya kazi yake. Hayo hayapendezi lakini ni bora uyasikie kwangu kuliko mahakamani baada ya kulipa wakili. Ila kuna njia moja ambayo sijaifunga. Makapita wengi waliajiriwa kutoka kilima kile kile. Kama mabibi watakuambia kwamba migomba ya kabla ya kahawa ilikuwa ya baba wa babu yako, basi ninyi si wajukuu wa mfanyakazi tu, ninyi ni ukoo wa kalinzi uliogeuka kuwa wafanyakazi juu ya ardhi yake. Kifungu cha 389 cha sheria ya 1973 kiliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi wanazokaa zingepangwa na amri ya rais, na miaka mingi ikapita bila amri hiyo. Haki hiyo haikufutwa, ilining'inizwa. Haitakupa nyumba. Inaweza kukupa sauti siku konsesio iliyokwisha inapoombwa upya, kwa sababu ardhi ya mashambani haitolewi bila uchunguzi, na katika uchunguzi wakaaji wanasikilizwa. Andikeni majina ya mashahidi wa kalinzi sasa, wazee wakiwa bado wanaongea, wasaini mbele ya mkubwa wa kilima, na nakala moja ikae parokiani.

Msilipe hata faranga moja kwanza. Nitumie picha ya ukurasa wa buku ya babu wenye muhuri, na picha ya pande zote mbili za sertifika ya yule bwana. Na mabibi wakikutajia mwenye migomba, niandikie jina lake kama wanavyolitamka wao, usilinyooshe.